Masikio ya Kiwanda cha Misumari

Katika kiwanda cha misumari watu hawasengenyani kwa sauti. Mashine ishirini na mbili zinakata waya kwa wakati mmoja, kila moja inatema misumari bila kupumua, na humo ndani hata ukimtukana mtu uso kwa uso hatakusikia. Kwa hiyo watu huongea kwa midomo. Unafungua kinywa wazi, unatamka bila kutoa sauti, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi anasoma. Nimeona watu wakichumbiana hivyo, wakikosana hivyo, na wakisuluhishwa na mtu wa tatu aliyekuwa amesimama mlangoni akifunga kamba za viatu.

Mimi nilikuwa muuguzi wa kiwanda hicho. Chumba changu kilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya mapipa yanayong'arisha misumari kwa vumbi la mbao. Kilikuwa na kitanda kimoja, kabati la dawa lenye kufuli bovu, na mzani ambao wanawake wa idara ya kufungasha waliusingizia kila kilo waliyoongeza. Kazi yangu ilikuwa vidole: vilivyobanwa, vilivyochomwa, vilivyokatwa juujuu. Hakuna aliyeniletea sikio. Sikio likiumia halitoi damu, na kiwandani jambo lisilotoa damu haliitwi ajali.

Fundi mkuu wa mashine zile alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama, na baba alipokufa ndiye aliyenilea. Nilipoajiriwa nikamwita Mjomba mbele za watu, na haikupita wiki kiwanda kizima kikawa kinamwita Mjomba, mpaka mkurugenzi, ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Alikuwa na kipaji kimoja kilichompa jina. Alisimama katikati ya ukumbi, akafumba macho, kisha akanyoosha kidole kwenye mashine ambayo kisu chake kilikuwa kinaanza kuchoka. Ikifunguliwa, kweli, kisu kimelika. Wenzake walisema ana masikio ya popo, na sifa hiyo aliipenda kuliko mshahara.

Mwaka mmoja ikatoka sheria mpya ya kodi. Kampuni inayowatunza wafanyakazi wake vizuri ingepunguziwa kodi. Mhasibu wetu, kijana mtanashati aliyependa kuongea huku ameshika kalamu asiyoiandikia, alituita kwenye uwanja wa kupakilia mizigo atueleze. Alikuwa na muhtasari wa ukurasa mmoja na kipande cha gazeti. Masharti yalikuwa maji safi ya kunywa, likizo ya malipo, mikataba ya maandishi, na kwa viwanda vyenye kelele, kila mfanyakazi apimwe masikio mara moja kwa mwaka, vipimo viwekwe kwenye faili.

"Kwa kifupi," mhasibu akasema, "wanataka kuona watu wenye afya. Tukiwaonyesha hivyo, tumepita."

Hakuna aliyemuuliza sheria yenyewe iko wapi tuisome. Mimi pia sikumuuliza, na kwa kazi yangu nilipaswa kuwa wa kwanza. Lakini tumelelewa hivyo. Mgeni akija unafagia uwanja, ndoo iliyotoboka unaisukuma nyuma ya mlango, na mtoto mwenye kikohozi unampeleka kwa jirani. Serikali ikisema inakuja kukutazama, nani atakimbilia kuifungulia kidonda?

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, niseme hilo mapema kabla hamjaanza kumtafuta mchawi. Siku ileile aliahidi kwamba tukipata nafuu hiyo ya kodi, vibarua wetu arobaini, wengine wamefanya kazi miaka sita kwa ujira wa siku, watapewa mikataba, na litanunuliwa basi la kuwarudisha watu nyumbani. Vibarua walimsikiliza wakiwa wamesogea mbele. Kati yao alikuwamo shoga yangu tuliyesoma naye shule ya msingi.

Basi kikaletwa kipimo. Kilikuwa ni kibanda cha mbao chenye kioo upande mmoja, vipokea sauti vya kuvaa masikioni, na kitufe. Mimi natoa sauti kutoka mezani kwangu, nene, nyembamba, kubwa, ndogo, na aliye ndani akisikia anabonyeza. Nikapelekwa mafunzo ya wiki tatu. Huko nikafundishwa kwamba kelele hailimalizi sikio kwa mara moja. Huanza na sauti nyembamba za juu, za ndege, za filimbi, za kengele ya baiskeli. Kwenye karatasi mstari unakwenda sawa halafu unatumbukia mwishoni. Ukiona hivyo, mtoe mtu kwenye kelele. Usipomtoa, shimo linapanuka mpaka linameza maneno ya watu, na kilichomezwa hakirudi. Mwalimu alilirudia hilo mpaka tukamchoka.

Mjomba alipimwa siku ya pili. Alitoka kibandani akaja kuinama juu ya karatasi, akinukia mafuta ya mashine.

"Huu mstari mbona umeanguka?"

"Sauti za juu zimekupungukia, Mjomba. Kama za ndege."

"Ndege siwadai kitu."

"Inabidi uhamie kufungasha."

Alicheka. "Nikabandike lebo kwenye maboksi? Nikitoka pale nani atasikia kisu kinachoka?" Kisha akaacha kucheka, akaangalia mlango kama umefungwa. "Na wale vibarua je, mwanangu? Karatasi yangu ndiyo iwanyime mkataba? Nitapita wapi katika kiwanda hiki? Rudia. Nilikuwa sijatulia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia lile la pili, kwamba ndege ni mwanzo tu. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mtu aliyekufundisha kufunga vifungo vya shati unamwambiaje kwamba atakuwa kiziwi? Na mimi pia niliitaka ile mikataba, na nilitaka Mjomba atoke mle chumbani akiwa ameridhika na mimi. Nikasema, "Haya, rudi kakae."

Kioo cha kibanda kilitazama meza yangu. Kila nilipobonyeza kutoa sauti, kiwiko changu kilicheza kidogo. Mtu aliyesoma midomo ya watu kwa miaka ishirini na tano hahitaji kufundishwa kusoma kiwiko. Mjomba alibonyeza sauti zote, hata zile ambazo kwa umri wake hakupaswa kuzisikia hata kama angelelewa msituni. Nilimwona anatazama kiwiko. Kiti changu kilikuwa na magurudumu, kingegeuka kwa kusukuma kwa kidole cha mguu. Sikukisukuma.

Mwaka huo watu kumi na mmoja walikuwa na mtumbukio. Wote kumi na mmoja waliomba kurudia, na wote walipona wakati wa kurudia. Sijawahi kusikia hospitali yenye baraka kama chumba changu. Mwaka wa pili sikungoja mtu aombe. Kiwiko nilikichezesha waziwazi, kama mwalimu wa chekechea anayeimbisha watoto, na faili likajaa mistari iliyonyooka.

Nafuu ya kodi tukaipata. Mkurugenzi alitimiza ahadi. Siku vibarua walipotia saini, wanawake wa kufungasha walicheza wakiwa na maboksi matupu kichwani, na shoga yangu alinikumbatia akalia begani mwangu. Basi likaja, la bluu, lenye viti vilivyokuwa bado na nailoni. Nilijiona mtu mwema sana. Ninaona haya kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyojiona.

Mwaka wa tatu ofisi ya kodi ikamtuma afisa kuja kukagua. Tulimtarajia mwanamume mwenye koti. Akaja mama mfupi mwenye viatu vya raba na begi la mgongoni, akatembea ukumbi mzima akiwa ameziba masikio kwa vidole viwili, bila aibu. Kisha akaingia chumbani kwangu pamoja na mkurugenzi, mhasibu na Mjomba, aliyealikwa kama mfanyakazi mkongwe. Alifungua faili la masikio, akasoma karatasi moja baada ya nyingine. Alisoma muda mrefu mpaka mhasibu akaanza kubonyezabonyeza kalamu yake.

"Miaka mitatu," afisa akasema, "na hakuna sikio hata moja lililopungua. Katika kelele ile."

"Tunawajali," mhasibu akajibu.

"Hongereni. Ila ni bahati mbaya kidogo kwenu."

Mkurugenzi akauliza bahati mbaya vipi, na yule mama akaeleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo lilelile viwanda vingi. Nafuu tuliyokuwa tukiipata ni ile ndogo, ya kupima tu. Ile kubwa sheria imemwekea mwenye kiwanda anayepima, akakuta madhara, akayaripoti, halafu akaondoa kinachodhuru. Huyo anarudishiwa kwenye kodi sehemu kubwa ya gharama: vifuniko vya mashine, sakafu za mpira, kila kitu. Wala mfanyakazi aliyepungukiwa hapotezi cheo, kwa sababu mshahara wake unalindwa akihamishwa.

"Sheria haimtuzi asiye na mgonjwa," akasema. "Inamtuza anayemtafuta. Mngekuwa na mistari hata kumi iliyoanguka mwaka ule wa kwanza, leo mashine zile zote zingekuwa ndani ya makasha na sisi tusingekuwa tunapigiana kelele humu. Iko ukurasa wa nne."

Mhasibu alikuwa na ukurasa mmoja. Aliacha kubonyeza kalamu. Kumi, mama yule alisema, na mimi nilikuwa na kumi na mmoja.

Akanigeukia. "Dada, wewe ndiye unayepima. Una la kuongeza?"

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa, akimkubalia mgeni kila kitu. Yule mama aliongea huku ameinamia faili, midomo haikuonekana, na Mjomba hakuwa amesikia hata neno moja. Shimo lilikuwa limekwisha fika kwenye maneno. Niliuona ule ukweli wote hapo, kwenye tabasamu lake, na ningeweza kusema. Ningesema na ile nafuu ya miaka mitatu ingedaiwa irudi, mikataba ingetikisika, cheti changu kingechanwa. Hayo yote niliyapiga hesabu katika muda wa kumeza mate.

"Hapana," nikasema. "Hakuna la kuongeza."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Wanasahau kusema kwamba wakati mwingine anayeficha ni mmoja na anayeumbuka ni mwingine.

Mgeni alipoondoka nilipata akili, ile akili ya mwizi anayepanga kurudisha mali kidogokidogo ili asigunduliwe. Nikaamua kwamba mistari ianze kuanguka, lakini taratibu, mwaka huu kidogo na mwaka ujao kidogo, ionekane kama ndiyo kwanza inaanza. Nikageuza kiti. Walionizoea walishangaa. Kwa kila aliyeshindwa niliandika nusu ya alichopoteza. Ikifika mwaka wa pili, nilijiambia, karatasi zitakuwa zimefikia ukweli, vifuniko vitaletwa, na hakuna atakayeumia. Haraka haraka haina baraka. Methali haijui inatumiwa na nani.

Mjomba nilimwambia ahame siku hiyohiyo aliyopimwa, bila kungoja karatasi ifike ofisini.

"Kwa nini?" akauliza.

"Masikio, Mjomba."

"Si yale ya ndege?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi," akasema, akanipiga begani, akarudi kwenye mashine zake. Karatasi tu ndiyo ingeweza kumtoa pale kwa nguvu, na karatasi yake nilikuwa nimeiandikia nusu. Na ile "lakini" niliimeza, tena.

Miaka miwili hiyo nyumbani kwake niliiona ikipita chumba kwa chumba. Kwanza redio, aliiongeza sauti mpaka jirani akalalamika, kisha akaizima akasema siku hizi hawana la maana. Halafu simu, akawa anampa mkewe aongee. Mkaza mjomba wangu, ambaye mimi humwita Mama, ni mwanamke wa mizaha. Siku moja alinikaribisha jikoni akasema, "Ona mwanangu, nimeolewa miaka thelathini, sasa ndiyo nimegundua nimeolewa na ukuta. Ukuta wenyewe unaitikia 'ndiyo, ndiyo'." Tukacheka. Kisha akafuta mikono kwenye kitambaa akaongeza, "Jana mjukuu alimwita kwa nyuma mara nne. Mara ya tano mtoto akakaa chini akaanza kulia, anasema babu amemkasirikia. Wewe unafanya kazi ya masikio. Hili lina dawa?"

Nikamjibu kwamba tutaangalia. Ndivyo tunavyojibu sisi wauguzi tunapojua.

Kiwandani kikaja kile kilichomvunja. Asubuhi moja alisimama katikati ya ukumbi, akafumba macho kama kawaida yake, na watu wakangoja. Akanyoosha kidole kwenye mashine ya saba. Wakaifungua, kisu kizima. Wakati wanaifunga, kisu cha mashine ya kumi na tisa kikavunjika kikamrukia mtu mkononi. Hakikumuumiza sana, nilimshona nyuzi nne. Mjomba alisimama mlangoni kwangu nikimshona, hakuingia. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi akaomba kuhamia kufungasha. Hakuna aliyemwita popo tena, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Mwaka huo karatasi zikafikia ukweli, kama nilivyopanga. Mkurugenzi aliripoti. Yule mama wa viatu vya raba akarudi, akasoma faili langu, akatazama mistari inavyoshuka hatua kwa hatua kama ngazi iliyojengwa na fundi mzuri. "Inashuka kwa adabu sana," akasema, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyoweza kustahimili. Kisha akatia saini. Sijui hadi leo kama aliniacha kwa kunionea huruma mimi au kwa kuwaonea huruma waliokuwa mashineni.

Vifuniko vikaletwa. Ilichukua wiki tano kuvifunga, makasha mazito yenye sifongo ndani na vidirisha vidogo. Siku mashine zilipowashwa tena, zote ishirini na mbili, watu walisimama wakitazamana. Ukumbi ulikuwa unavuma chinichini tu. Mtu akakohoa na wote tukamsikia. Vijana wakaanza kuongea kwa sauti ya kawaida, kwa haya kidogo, maana wengine hawakuwa wamewahi kusikiana sauti. Mmoja alimwambia mwenzake, "Kumbe una sauti nyembamba hivyo," na watu wakacheka, na kicheko chenyewe kikasikika.

Mjomba alikuja kutoka kufungasha kuangalia. Alisimama karibu na mashine ya kumi na tisa, akaweka kiganja juu ya kasha, akakiacha hapo. Nikamwendea. Aliniuliza kwa ile sauti yake kubwa ya siku zote, maana yeye hakuwa na kipimo tena, "Sasa kunasikikaje?"

Watu wa karibu walitugeukia. Nikamjibu kwa midomo, bila sauti, kama tulivyozoea. Nilimwambia kunasikika vizuri, mtu anaweza kunong'ona.

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Mngeleta mapema kidogo," akasema, bila uchungu, kama mtu anayezungumzia mvua.

Nilikuwa nimejiandaa miaka kwa maneno yangu ya kumjibu, na nilikuwa nimedhani siku yakija nitayasema huku nimeinamisha kichwa, kwa sauti ya chini, upesiupesi, kama watu wanavyoungama. Haikuwezekana. Mjomba anasoma uso. Ikabidi nimtazame machoni, nifungue kinywa wazi, nitamke neno moja baada ya jingine kama ninayemfundisha mtoto kusoma. Nilimwambia: Siku ile ya kwanza nilijua. Nilijua haitaishia kwa ndege. Nilijua masikio yataondoka yote.

Alikunja uso. "Sijakushika. Rudia."

Nikarudia. Nilirudia polepole zaidi, kila neno, na machozi yalipofika mdomoni nikayafuta asije akakosea kusoma.

Safari hii alishika. Alitoa kiganja kwenye kasha. Alinitazama mdomo muda mrefu baada ya mimi kuufunga, labda akingoja niseme kingine kitakachofuta hilo, na kingine hakikuwapo. Ndipo akajibu. Nadhani alidhani ananong'ona, jambo la ndani ya familia, kati yake na mimi.

"Mimi nilibonyeza tu," akasema. "Aliyejua ni wewe."

Ukumbi mzima ulisikia, isipokuwa yeye.